Serengeti kutoka Angani: Jinsi Filamu ya Akina Grzimek Ilivyotengenezwa

Makumbusho ya filamu, kama yale ya Frankfurt nchini Ujerumani, humwonyesha mgeni vifaa ambavyo mtazamaji wa sinema havioni, kuanzia kamera na taa hadi meza za kukatia na kuunganishia mikanda. Hata hivyo, katika filamu ya makala, yaani inayoonyesha mambo halisi bila waigizaji, kifaa kilichoamua sura ya kazi nzima huenda kisiwe kamera. Ndivyo ilivyokuwa kwa filamu ya mwaka 1959 iliyotengenezwa na Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, katika mbuga za Serengeti zilizo jirani na Kimali, mkoani Simiyu.

Kifaa hicho kilikuwa ndege aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa mistari ya pundamilia na kurushwa kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Mabawa yake yalikaa juu ya chumba cha rubani, hivyo hayakumziba anayetazama chini. Tena iliweza kuruka polepole sana bila kuanguka, na kutua mahali pafupi pasipo na kiwanja. Ndege hiyo hiyo ilitumika kuhesabu wanyama mwaka 1958, ikipita juu ya mbuga kwa mistari sambamba huku waliomo wakihesabu kwa macho, na jumla iliyopatikana ikawa 366,980, wakiwemo nyumbu 99,481.

Usahihi wa tarakimu hizo ni wa kuonekana tu, kwa maana kundi kubwa halihesabiki mmoja mmoja kutoka kwenye ndege inayokwenda, bali hukadiriwa. Mwaka 1961 watafiti wengine walipolipiga kundi picha kutoka angani na kuhesabu nyumbu kwenye picha zenyewe, walipata zaidi ya mara mbili, tofauti ambayo uzazi wa miaka mitatu hauwezi kuieleza peke yake. Kwa kuwafunga baadhi ya nyumbu ukosi wa rangi, hata hivyo, akina Grzimek walionyesha kwamba wanyama hao huvuka mipaka mipya ya hifadhi ya Serengeti iliyokuwa ikipendekezwa, na hilo ndilo fungu lenye nguvu zaidi katika kazi yao.

Tarehe 10 Januari 1959 tai aligonga bawa, ndege ikaanguka na Michael, aliyekuwa peke yake, akafariki. Baba yake alikamilisha filamu, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Picha ya angani, kwa uzuri wake wote, hulifanya pori lionekane tupu: maboma huwa madoa, na njia za Wasukuma, Waikoma na Wamaasai hazisomeki. Pengo hilo hujazwa na sauti ya msimulizi, ambayo huwataja wafugaji na wawindaji kama tishio, bila wao kupewa nafasi ya kueleza wanavyoijua nchi hiyo kwa miguu. Na mwaka uleule wa 1959, Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti, Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishiwa huko.