Jina la Herufi Nne

Andikeni Lulimba bila a, e, i, o, u: LLMB. Mgeni atasoma nini? Lolamba? Lilimbe? Mwenyeji ndiye ajuaye. Hivyo ndivyo walivyoandika Waebrania wa kale: herufi 22, zote konsonanti.

Jina la Mungu lilikuwa YHWH. Kwa heshima Wayahudi hawakulitamka, wakasoma Adonai, maana yake Bwana. Baadaye wataalamu wao walibuni alama za vokali. Penye YHWH wakatia zile za Adonai, kumkumbusha msomaji. Wakristo wa Ulaya wakazisoma pamoja, ndipo likazaliwa “Yehova”. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inalo katika Kutoka 6:3, ijapokuwa mahali pengi yaandika BWANA.

Lakini tusiwacheke wenzetu. Sisi nasi twaimba “Yahwe” katika Misa, na hayo ni makisio ya wataalamu. Mwaka 2008 Roma iliagiza Jina hilo lisitamkwe wala lisiimbwe katika Liturujia. Agizo hilo ni la haki. Mitume walimwita Yesu kwa neno lile lile lililosomwa badala ya Jina: Bwana. Tukiliacha, imani yao twaificha. Basi, watungaji wa nyimbo, turudishieni “Bwana”.