Jumuiya ya YouTube na Ubao wa Kibanda: Nani Hupanga Vipindi?

Ukipita jioni katika mitaa ya Ayivu, hapa Arua, hutakosa kuuona ubao mweusi umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha video. Mwenye kibanda ameandika kwa chaki filamu za siku hiyo, saa zake na kiingilio, na kama kuna mechi ya ligi ya Uingereza, mechi hutangulizwa. Mpita njia anaweza kudhani kuwa ubao ule ni tangazo tu. Kwa hakika ni ratiba iliyokwisha kujadiliwa. Jana yake vijana walitoka wakiguna kwamba filamu ile wameichoka, au wakadai nyingine irudiwe, na mwenye kibanda akasikia, maana asiposikia, kesho mabenchi yake yatabaki matupu.

Nimeanza na ubao huo kwa sababu katika makala haya nitautumia kuwa kipimo. Wanafunzi wetu wengi siku hizi hutazama video kwenye simu, hasa katika mtandao wa YouTube, na mtandao huo umelifanya neno "jumuiya" kuwa miongoni mwa maneno yake makuu. Swali la mhakiki wa lugha na fasihi ni jepesi kuuliza: je, ni jumuiya kweli? Hoja yangu ni kwamba mtandao huu umeongeza nyenzo za mwenye chaneli kuzungumza na watazamaji wake, lakini umeiondoa nyenzo muhimu iliyowawezesha watazamaji kufanyiana kazi wao kwa wao. Kwa lugha zetu za West Nile, nyenzo hiyo ndiyo iliyokuwa na manufaa zaidi.

Neno na maana yake

YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata kampuni ya Google ikainunua kwa dola za Marekani bilioni 1.65. Mwezi Septemba 2016 ilileta ukurasa wa Jumuiya, ambamo mwenye chaneli huweza kuandika ujumbe, kuweka picha au kuwapigisha kura watazamaji wake. Chaneli ndogo hazikuupata. Mwezi Oktoba 2021 kiwango kilishushwa kutoka wafuasi 1,000 hadi 500. Mwaka 2018 ulikuja utaratibu wa uzinduzi, ambapo video huonyeshwa kwa wote saa ile ile huku watazamaji wakiandikiana papo hapo. Mwaka 2024 ikatangazwa nafasi nyingine, ambamo mtazamaji mwenyewe anaweza kuanzisha mazungumzo ndani ya chaneli anayoifuata.

Sisemi kwamba mambo hayo hayana faida. Katika somo la fasihi simulizi tunafundisha kwamba utendaji huhitaji fanani, hadhira, mahali na wakati. Video ya kawaida humtenga fanani na hadhira yake, kila mmoja na saa yake. Uzinduzi umeurudisha wakati: watu hucheka pamoja, hata kama mmoja yuko Arua na mwingine Muscat. Hilo ni jambo la kusifiwa, na wasanii wetu chipukizi wangefaa kulitumia zaidi.

Hata hivyo, katika Kiswahili jumuiya si umati. Tunasema Jumuiya ya Afrika Mashariki, tukimaanisha nchi zilizofungana kwa mkataba. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, na mwanajumuiya asiyefika kwa mgonjwa wala msibani huulizwa. Neno hili hubeba haki na wajibu. Mtu anayeweza kupenda, kutoa maoni na kupiga kura, lakini hawezi kuuliza kwa nini video fulani imewekwa mbele yake na nyingine imefichwa, ni mteja anayekaribishwa vizuri. Hajawa mwanajumuiya.

Hadithi ya bibi wa Koboko

Mmoja wa wanafunzi wangu, mzaliwa wa Koboko, alimrekodi bibi yake akisimulia hadithi kwa Kikakwa. Alitumia simu, akaipakia YouTube. Hadithi ilichukua dakika 12. Bibi hakuwa akisimulia peke yake: sauti za wajukuu zinasikika zikimjibu, na mara mbili anasimama kumkemea mtoto, kisha anaendelea kama vile ukemeo ule ulikuwa sehemu ya hadithi. Jamaa zao waliokulia Bunia, upande wa Kongo, walifurahi kumwona bibi lakini maneno hawakuyaelewa. Wao ni watu wa Kiswahili. Mwanafunzi akaniuliza: binamu zangu wengine wanaojua lugha zote mbili, je, hawawezi kumwandikia kila mtu manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha?

Nilimjibu kwamba zamani ingewezekana kwa urahisi. YouTube ilikuwa na utaratibu wa manukuu ya jumuiya: mwenye chaneli akiruhusu, mtazamaji yeyote aliweza kuandika manukuu au tafsiri, na wengine wakaikagua. Utaratibu huo ulifungwa tarehe 28 Septemba 2020. Kampuni ilieleza kwamba ulitumiwa vibaya na watu wa matangazo ya hovyo, na kwamba katika mwezi mmoja chini ya asilimia 0.001 ya chaneli ndizo zilizochapisha manukuu hayo. Watu wenye ulemavu wa kusikia na wafasiri wa kujitolea walipinga, lakini uamuzi haukubadilika.

Tuitazame hoja hiyo kwa haki. Matumizi mabaya yalikuwapo, na hakuna anayependa kuona matusi chini ya picha ya bibi yake. Lakini kuipima kazi ya tafsiri kwa asilimia ya chaneli zote duniani ni kama kulipima daraja la kijijini kwa kuhesabu magari ya Kampala. Katika hesabu hiyo, lugha ndogo haiwezi kushinda hata siku moja. Watazamaji kumi wa Bunia hawaonekani katika asilimia 0.001, na hata hivyo kwa bibi yule ndio ukoo wake.

Vijei na mashine

Hapa ndipo kibanda kinapotufundisha. Katika vibanda vya Uganda filamu ya kigeni haionyeshwi kimya kimya. Yupo vijei, msimulizi anayeifasiri kwa sauti, aghalabu kwa Kiganda. Kenya wanamjua DJ Afro kwa kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili, na Tanzania jina la Lufufu lilivuma miaka mingi. Tungekosea kumwita vijei mfasiri tu. Tuseme katika filamu mzungu amekaa hotelini anaikoroga sahani bila hamu. Hajasema neno. Vijei atasema: "Huyu wamemnyima enyasa, ndiyo maana amenuna." Kibanda kizima kitacheka, na mtu mmoja wa nyuma atamjibu. Hicho ni kitendo cha fanani, na hadhira yake ni hadhira tendi.

Mfano ulio wazi zaidi ni filamu ya Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa mwaka 2010 huko Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno. Kionjo chake kilisambaa YouTube mwaka huo huo, na mwaka 2015 filamu nzima ikawekwa humo ikiwa na sauti ya VJ Emmie, ambaye safari hii alisimulia kwa Kiingereza. Dunia iliipokea kwa mamilioni. Wengi waliotazama hawakuwahi kukanyaga kibanda, lakini walichokipenda ni kile kile cha kibandani: mtu anayeizungumzia filamu juu ya filamu, anayewatania wahusika na kuwasifu bila haya. Nakala isiyo na sauti yake haikuhifadhiwa. Kwa hiyo filamu tuliyo nayo leo ni filamu na vijei kwa pamoja, na mhakiki hawezi kuvitenganisha.

Sasa tulinganishe na nyenzo mpya inayosifiwa zaidi. Mwezi Desemba 2024 YouTube ilitangaza kupanua huduma ya kuingiza sauti za lugha nyingine kwa mashine. Video ya Kiingereza iliweza kupata sauti ya Kifaransa, Kijerumani, Kihindi, Kiindonesia, Kiitaliano, Kijapani, Kireno na Kihispania. Katika orodha ile Kiswahili hakikuwamo. Wenzangu wengi wakisikia hivyo hudai kiingizwe, na mimi naunga mkono. Lakini naomba tusiishie hapo. Mashine hufasiri kilichosemwa. Vijei husema pia ambacho hakikusemwa, kwa kuwa anajua nani wamekaa mbele yake. Mashine ikipewa hadithi ya bibi wa Koboko haitajua kwamba kumkemea mtoto kumekuwa sehemu ya utendaji. Binamu wa Bunia angejua.

Hesabu ya fedha

Liko pia suala la kipato. Tangu Januari 2018, chaneli inayotaka kugawiwa fedha za matangazo kwa video za kawaida yapaswa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Tupige hesabu kwa hadithi ya dakika 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Maana yake hadithi ile itazamwe yote, mwanzo hadi mwisho, mara 20,000 kwa mwaka mmoja. Kwa msanii wa Kampala anayeimba kwa Kiganda hilo ni jambo la kawaida. Kwa msimulizi wa Kikakwa ni mlima. Na kila anayemtazama hutumia bando lake mwenyewe, ambalo tangu Julai 2021 nchini Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12.

Linganisha na kibanda: mtu analipa kiingilio leo, mwenye kibanda anapata leo. Ni fedha ndogo, lakini haingoji kiwango.

Nisije nikadhaniwa ninakipaka kibanda mafuta. Vibanda vingi vimejengwa juu ya filamu zisizolipiwa hakimiliki. Wanawake na wasichana hawajisikii salama humo, na watoto husikia maneno wasiyostahili kusikia. Bibi yangu hangeingia kibandani, lakini kwenye simu ya mjukuu angetazama. Kwa hilo simu imeshinda, tena kwa mbali. Ninachokitetea ni kanuni iliyo katika ubao wa chaki: anayepanga vipindi anajulikana, anafikika, na hujibu.

Redio zetu nazo zinaijua kanuni hiyo. Radio Pacis imekuwa ikitangaza kutoka Arua tangu mwaka 2004, kwa Kilugbara na lugha nyingine. Msikilizaji asiyeridhika na kipindi anaijua njia ya kwenda mlangoni kwao.

Kiswahili kinahusikaje?

Msomaji anaweza kuuliza idara ya Kiswahili inatafuta nini katika mambo ya Kikakwa na Kilugbara. Jibu liko katika historia yetu. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda mwaka 1973 kwa amri ya kijeshi, na wengi bado hukisikia kama lugha ya kambini. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kianze kutekelezwa, likipendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Amri na maazimio hayo yana nafasi yake. Lakini lugha haipendwi kwa azimio.

Huku kwetu Kiswahili kilikuja kwa njia nyingi: kwa askari wa King's African Rifles waliorudi nyumbani, kwa Wanubi, na kwa biashara ya kuvuka mpaka. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na sokoni humo Kiswahili kinafanya kazi yake bila kungoja wizara. Kiswahili kikiingia chini ya picha ya bibi kama manukuu, kikaibeba hadithi yake hadi Bunia bila kumnyang'anya Kikakwa chake, basi watu watakiona kama mbebaji, na woga wa kwamba kimekuja kuzimeza lugha zao utapungua. Hiyo ndiyo nafasi tunayoipoteza tukiiachia mashine peke yake, au tukisubiri kampuni iliyo mbali irudishe ilichokifunga.

Nini kifanyike

Nyenzo zilizobaki zinatosha kuanzia. Mwenye chaneli bado anaweza kupakia manukuu yake mwenyewe, na anaweza kumruhusu mtu mwingine amwandikie. Napendekeza idara yetu ifanye mambo matatu. Kwanza, zoezi la kuandika manukuu ya Kiswahili kwa simulizi za Kilugbara, Kikakwa na Kinubi liingizwe katika somo la tafsiri na litolewe alama, kwa idhini ya wasimulizi na familia zao. Pili, usimulizi wa vijei uhakikiwe darasani kama tunavyohakiki majigambo na utambaji wa ngano. Tatu, kila video inayokamilika ionyeshwe kwanza mahali iliporekodiwa, wenye hadithi wakiwapo, na wao ndio waseme kama manukuu yale ni ya kweli.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. YouTube ni mgeni mwenye mzigo mkubwa na hatumfukuzi. Ila kupona kwa mwenyeji ni kazi ya mwenyeji pia. Yule mwanafunzi wa Koboko amekwisha kuandika dakika nne za kwanza za manukuu. Zimebaki nane, na neno moja la Kikakwa limetushinda sote. Amempigia bibi simu kumwuliza, na bibi amesema hataki kulieleza kwa simu, twende.