Makosa ya Mitihani Hayana Uzito Mmoja

Katika mitihani ya Kiswahili limo swali lililozoeleka: mtahiniwa hupewa sentensi kadha, akatakiwa achague iliyo sanifu. Swali hilo ni jema. Ila usahihishaji wake huyapima makosa yote kwa kibaba kimoja, na hapo ndipo tunapotofautiana na watunzi wake.

Tutazame kwanza maneno "wakilisha" na "wasilisha". La kwanza lina nasaba moja na "wakili": maana yake ni kusimama mahali pa mwingine. La pili limetokana na "wasili": maana yake ni kufikisha. Aandikaye "Katibu amewakilisha taarifa" amemfanya katibu kuwa wakili wa karatasi. Vivyo hivyo "thamini", lenye asili moja na "thamani", na "dhamini", lenye asili moja na "dhamana". Kampuni "iliyothamini mashindano" imeyakadiria thamani yake, haijayagharimia. Makosa ya aina hii huua tofauti ambayo lugha inaihitaji, na barua ya serikali au mkataba waweza kupotoka kwa herufi moja tu.

Sasa tutazame "masaa". Katika Kiswahili sanifu neno "saa" halibadiliki katika wingi. Hata hivyo, wasemaji wengi husema "masaa mawili" kwa muda, na "saa mbili" kwa wakati. Hawasemi hivyo kwa uvivu: "mkutano wa saa mbili" waweza kuwa mkutano uanzao saa mbili, au uchukuao muda huo. Usanifu unayo dawa yake, nayo ni kusema "mkutano wa muda wa saa mbili". Mwanafunzi na afundishwe dawa hiyo pamoja na sababu yake.

Lipo pia kosa la "mtu ambaye aliyekuja". Hapa urejeshi umetajwa mara mbili pasipo haja; sarufi imevunjwa, lakini maana haikupotea.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kosa lipotoshalo maana likatwe alama nyingi kuliko lizidishalo umbo, na kwamba mtahiniwa atakiwe kueleza sababu ya uchaguzi wake. Kuchagua bila kueleza ni bahati nasibu.

Tena tusisahau kwamba "wakilisha" hilo lisilo mahali pake mtoto hakulizua. Amelisoma katika barua na matangazo yetu sisi watu wazima. Ofisi zisiposahihisha maandishi yake, mtihani utaendelea kumhukumu mdogo kwa kosa la mkubwa.