Kupima Impedansi ya Kebo kwa Mkondo wa Ghafla

Kebo ya antena ya televisheni huwa na impedansi ya ohm 75, lakini mita ya kawaida ikiunganishwa kwenye kebo hiyo, upande wa pili ukiwa wazi, haisomi chochote cha kukaribia 75. Mita haijakosea. Namba 75 ni uwiano wa volteji na mkondo wa wimbi linalosafiri ndani ya kebo, na mdomoni mwa kebo uwiano huo huonekana kwa muda mfupi tu, tangu wimbi liingie hadi mwangwi wake urudi kutoka mwisho wa pili. Katika kebo ya RG-58 umeme hutumia takriban nanosekunde 5 kwa kila mita. Kipande cha mita 10 huacha nafasi ya nanosekunde 100, kwenda na kurudi. Kipimo chote lazima kimalizike humo.

Njia iliyozoeleka ni kutuma ngazi ya volteji kupitia kikinzani cha ohm 50, kisha kukokotoa impedansi kutokana na jinsi volteji ilivyogawanyika. Sakiti ya kufyonza mkondo hukwepa hesabu hiyo. Ikivuta ghafla miliampea 10 kutoka kwenye kebo, volteji hushuka milivolti 10 kwa kila ohm: volti 0.5 kwa kebo ya ohm 50, volti 0.75 kwa ile ya 75. Osiloskopu inageuka rula.

Kiini cha sakiti hiyo ni transista mbili zilizounganishwa emita kwa emita, zikigombea mkondo mmoja wa miliampea 10 unaopita kwenye kikinzani kuelekea volti −12. Kolekta ya kwanza hushika kebo, na hupata volti +12 kupitia kikinzani cha ohm 1,000. Besi yake imefungwa kwenye ardhi. Besi ya pili ndiyo inayochezwa. Ikiwa juu, transista ya pili hubeba mkondo wote. Ikishushwa chini ya ardhi kwa milivolti 120 hivi, asilimia 99 ya mkondo huhamia upande wa kebo. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mkondo hauwashwi wala hauzimwi, unabadilisha njia tu, kwa hiyo kiasi chake kinajulikana kabla ya kipimo kuanza. Isitoshe, besi iliyotulia huzuia kapasitansi ya kolekta isirudishe mshtuko kwenye upande wa kuchochea.

Kebo ikiwa wazi mwishoni, kioo huonyesha ngazi zinazoteremka. Ya kwanza tu ndiyo ya kusomwa. Zinazofuata ni miangwi inayogonga huku na huku; huanza kwa ukubwa wa karibu maradufu ya ile ya kwanza, na huendelea kupungua hadi volteji itulie kwenye volti 2 hivi.

Kosa kubwa zaidi hutoka kwa kile kikinzani cha ohm 1,000, ambacho kiko sambamba na kebo. Ohm 50 husomeka 47.6, ohm 75 husomeka 69.8, na waya bapa wa antena wa ohm 300 huanguka hadi 231. Bila kusahihisha, rula hiyo inadanganya. Kishikizo cha osiloskopu chenye pikofaradi 10 nacho hulainisha ukingo kwa kebo ya ohm 50, lakini kwa nusu nanosekunde tu. Osiloskopu ya megahezi 100 yenyewe huchukua nanosekunde 3.5 kupanda, hivyo kipande cha nusu mita hakifai kupimwa nayo. Katika kebo nyembamba sakafu ya ngazi huinama pole pole kwa sababu ya ukinzani wa shaba, na usomaji sahihi ni ule wa mara tu baada ya ukingo.

Uthibitisho hauhitaji kujua mkondo kabisa. Kikinzani cha kurekebisha, cha kaboni na si cha waya uliozungushwa, hufungwa mwisho wa kebo na kuzungushwa hadi mwangwi upotee kwenye kioo. Kisha hufunguliwa na kupimwa kwa mita ile ile ya kawaida.