Divai Inayojua Kunyamaza

Kuna mzee wa Würzburg, Ujerumani, ambaye hagusi glasi kabla hajaonja asparaga. Hukata kichwa cha asparaga hiyo, akatafuna taratibu, ndipo hunusa divai nyeupe ya Silvaner na kupiga funda dogo analolizungusha mdomoni hadi mashavu yakacheza. Akiridhika hasemi kitu. Asiporidhika, hushuka pishini kutafuta chupa nyingine, nasi wageni twasubiri na siagi inaganda sahanini.

Asparaga nyeupe, malkia wa machipuko huko, ni mkorofi kwa divai. Ikikutanishwa na divai iliyolazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, mdomo wote hubaki na ladha ya chuma. Silvaner, ambayo mzabibu wake umepandwa kijijini Castell tangu mwaka 1659, haina manukato ya kujitangaza. Ni kavu, uchachu wake wa wastani, na huiachia asparaga nafasi kama mpiga udi wa taarabu anayemsikiliza mwimbaji. Mezani pakiwa na siagi ya kuyeyushwa tu na viazi vipya, mzee humimina Silvaner nyepesi. Ukija mchuzi mzito wa viini vya mayai, anataka ile ya mteremkoni, yenye mwili zaidi.

Mkewe naye ana ufundi wake. Humenya kuanzia chini ya kichwa kwenda mkiani, na kichwa chenyewe hakiguswi na kisu. Maganda hayatupwi: huchemshwa kwa chumvi na sukari kidogo, kisha asparaga ikaivia humo humo kwenye maji ya maganda yake.

Siku hizi kumenya ni kazi ya mashine ya dukani. Mashamba yamefunikwa plastiki, mengine yamepitishiwa mabomba ya maji moto ardhini, ili asparaga iwahi soko. Desturi ya kukomesha mavuno Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mmea upumzike, bado inashikwa. Lakini huku mwanzoni mwa msimu nani ana subira? Asparaga ya Peru imeshatua kwa ndege.

Na divai? Katika mgahawa mmoja mjini humo niliuliza ipi ingefaa asparaga yangu. Kijana akajibu: yoyote, mradi nyeupe. Akaileta baridi kama soda, haina harufu wala ladha, na bili yake ilikuwa ya Silvaner bora kabisa.