Kipime Kabla Hujakiamini: Mwongozo wa Kuchagua Vifaa vya Kuhifadhi Data

Hesabu za msimu wa korosho za karani wa chama cha ushirika (AMCOS), video za harusi za mpiga picha, utafiti wa mwanafunzi wa chuo cha Stella Maris, barua na vyeti alivyochapisha mwenye steshenari: yote haya, hapa Rahaleo na kote Mtwara, yanakaa ndani ya vitu vinavyoenea kiganjani. Anayekwenda kununua kifaa cha namna hii huuliza kwanza, “GB ngapi?” Swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: kifaa hiki hufa vipi, na je, hutoa ishara kabla hakijafa? Kila aina ya hifadhi ina kifo chake. Anayekijua kifo hicho ndiye anayejua kuchagua.

Flashi: jaza, kisha soma

Kumbukumbu ya aina ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, aliyeitangaza mwaka 1984. Flashi za kuchomeka kwenye USB zilianza kuuzwa mwaka 2000. Ni nyepesi, hazina sehemu inayozunguka, na hustahimili kuanguka. Ubaya wake ni kwamba hufa ghafla. Leo inafunguka, kesho kompyuta haiioni kabisa.

Ubaya wa pili ni udanganyifu. Mnunuzi wa vinyago vya Kimakonde anaujua: mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu hufanana na mpingo mpaka uukwangue kwa chini au uutumbukize majini, maana mpingo wa kweli huzama. Flashi feki nayo imepakwa rangi, ila kwa ndani. Chipu yake ni ya GB 8, lakini kidhibiti chake kimeelekezwa kuiambia kompyuta kuwa ni GB 512. Utahamisha mafaili na majina yote utayaona. Nafasi ya kweli ikishajaa, yanayofuata hupotea au huandikwa juu ya yale ya mwanzo. Siku ya kuyafungua, hayafunguki.

Kwa hiyo usiridhike na namba inayoonekana kwenye skrini. Ijaze flashi yote, kisha isome yote. Programu ya bure iitwayo H2testw hufanya kazi hiyo kwenye Windows, na F3 huifanya kwenye Linux. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa moja na dakika 47 kujaa. Ifanye kazi hiyo ukiwa bado una risiti, na ukiwa hujaweka humo kitu chako chochote.

Usimlaumu muuzaji kwa upungufu ambao si wizi. Kiwandani TB 1 huhesabiwa kwa makumi, na Windows huhesabu kwa vizidisho vya 1,024, hivyo TB 1 halali husomeka kama GB 931, na flashi ya GB 64 husomeka karibu GB 59.6. Vilevile, flashi inayokataa faili moja la video lenye GB 5 huenda ni nzima kabisa. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, uipange upya kwa exFAT, nayo itapokea.

Memori kadi: soma alama zake

Memori kadi ni ndugu wa flashi, na alama zake ndogo zina maana kubwa. Namba 10 ndani ya herufi C, au 1 ndani ya U, ni ahadi ya kuandika angalau MB 10 kwa sekunde bila kusita. U3 na V30 ni ahadi ya MB 30. Anayerekodi video za 4K aanzie hapo, la sivyo kamera itasimama katikati ya nikahi. A1 na A2 zinahusu kuendesha programu ndani ya simu. Kwa kamera hazina uzito. Kasi kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi kwa kawaida ni ya kusoma. Mpiga picha anahitaji ya kuandika.

Hadi diski: itegee sikio

Hadi diski ya kwanza, ya IBM, ilitoka mwaka 1956 ikiwa na sahani 50, na ilibeba herufi milioni tano tu. Msingi wake haujabadilika. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Ndiyo maana kuigonga inapofanya kazi ni hatari kuliko kuigonga ikiwa imezimwa.

Fadhila ya hadi diski ni kwamba mara nyingi husema kabla ya kufa. Nzima huvuma kwa sauti moja. Ukisikia tiki-tiki inayojirudia, kichwa kinatafuta njia na hakioni. Acha kila kitu, nakili ya muhimu kwanza, usiizime na kuiwasha kujaribu bahati.

Ya mtumba ichunguze kwa CrystalDiskInfo kabla ya kutoa pesa. Angalia mistari mitatu: 05, yaani sehemu zilizoharibika zikahamishwa, C5, sehemu zinazosubiri hukumu, na C6, zilizoshindikana. Mmoja ukizidi sifuri, hiyo si diski ya kutunzia kitu cha pekee. Angalia pia saa ilizofanya kazi, ukikumbuka kuwa mwaka mzima una saa 8,760. Diski yenye saa 30,000 imeshaishi zaidi ya miaka mitatu bila kulala.

SSD: kasi yenye masharti

SSD hutumia chipu kama flashi, lakini kidhibiti chake ni bora zaidi. Tofauti yake utaiona ukihamisha GB 100 za video. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili na dakika 47. Hadi diski ya MB 120 itachukua dakika 14. SSD ya SATA inayofikia MB 500 itamaliza kwa dakika tatu na ushee, na zile za NVMe ni za haraka zaidi. Kompyuta kuukuu ikibadilishiwa hadi diski kwa SSD hufufuka, na sijui matengenezo mengine ya bei hiyo yanayoleta nafuu kubwa kama hii.

Ubora wake uko kwenye maandishi madogo. TLC huweka biti tatu katika kila seli, QLC nne. QLC ni rahisi kwa bei, huchakaa mapema, na hupunguza kasi ukiipa mzigo mrefu. TBW ni jumla ya data unayoweza kuiandika kabla dhamana haijaisha. Kasha lisilotaja lolote kati ya haya liache dukani.

Masharti mengine mawili. SSD ikifa, mara nyingi hufa kimya, na faili lililofutwa humo ni gumu kurudishwa, kwa kuwa diski yenyewe huisafisha nafasi hiyo. Pia haipendi kusahaulika kabatini. Kipimo cha kimataifa cha JEDEC kwa SSD za kawaida zilizotumika hadi mwisho wa kiwango chake cha kuandikwa ni kushika data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30, na joto likizidi muda hupungua. Ya kufanyia kazi kila siku, ndiyo. Ya kufungia miaka kumi, hapana.

CD na DVD

CD hubeba MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7. Za kubani nyumbani hushika data kwenye rangi, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Kama una picha za familia humo, zihamishe sasa, wakati bado zinasomeka.

Chumvi, joto na umeme

Pwani hii ina adui wake. Hadi diski nyingi zina tundu dogo la hewa lenye chujio, nalo lisizibwe. Unyevu huingia humo, na hewa ya chumvi hula miguu ya waya. Hifadhi diski ya akiba ndani ya kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ofisi yenye kompyuta ya mezani iwe na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha nzima ya mafaili inaweza kuvurugika.

Nani achukue nini

Mwanafunzi: SSD ndani ya kompyuta, flashi iliyopimwa ya kubebea. Mpiga picha: kadi za V30, na hadi diski mbili za nje zenye nakala zilezile. Karani wa chama: SSD ya kazi, hadi diski ya nje ya kunakilia kila jioni ya msimu, na nakala mtandaoni. Mtandao pekee hautoshi. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa.

Baada ya upimaji wote huu, kifaa kilicho bora kuliko vyote bado kitakufa. Kwa hiyo weka nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja ikae mbali: kama unaishi Rahaleo, ipeleke kwa ndugu Masasi au Newala. Kila miezi sita zifungue zote, usome mafaili kadhaa kutoka kila moja. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.