Jabali Liliponolewa Shoka

Shoka la jiwe lililosuguliwa hubebwa, hubadilishwa kwa mali nyingine, hata huzikwa. Jabali ambapo lilisuguliwa hubaki pale pale, na ushahidi wa kazi uko kwake zaidi, kwa kuwa kusugua hufuta kwenye shoka alama za hatua zilizotangulia. Fundi alianza kwa kugonga jiwe gumu, kama bazalti, mpaka likapata umbo. Kisha alilisugua jabalini kwa maji na mchanga. Kilichokata hasa ni chembe za kwazi, zilizomo mchangani na ndani ya jabali lenyewe likiwa la granaiti. Maji yaliondoa tope ili chembe ziendelee kung'ata. Ubapa wa shoka uliacha kibonde laini, kingo zake zikaacha mfuo mwembamba. Kwa hiyo, vibonde na mifuo vikikaa pamoja, tunaweza kuzisoma hatua za kazi kwa mpangilio wake.

Msomaji wa Mbalibali, wilayani Serengeti, anayeishi kati ya majabali, ana haki ya kudai uthibitisho. Si kila kishimo ni cha shoka. Vishimo vya jiwe maarufu la mlio huko Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, vilitokana na kugongwa. Kusaga nafaka nako huacha beseni pana. Hata mfuo halisi hautaji umri wake. Ni kweli kwamba wafugaji wa zama za mawe waliishi Seronera, katika hifadhi hiyo hiyo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini ukaribu huo hauthibitishi kitu. Huko Uele, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mashoka ya hematiti yaliyong'arishwa yalidhaniwa ni ya kale mno, mpaka uchimbaji wa kiakiolojia huko Buru ulipoyaweka katika karne ya 17, wakati chuma kilikuwa tayari kikitumika. Wengine watauliza: kama umri haujulikani, tunalinda nini? Tunalinda njia pekee ya kuujua. Umri hutafutwa kwenye udongo ulio chini ya jabali, penye vipande vilivyomeguka, mkaa na vigae. Hii ndiyo sababu napinga pia wazo la kulikata jabali na kulipeleka makumbusho, hata yale ya Butiama yaliyo karibu: litafika likiwa safi, bila udongo wake na bila maji yaliyolifanya lifae kwa kazi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya ulinzi ni ya riziki, maana kokoto zinazopasuliwa kwenye majabali hujenga nyumba na kulisha familia. Lakini ulinzi haudai kilima kizima. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa hata kitu cha asili kilichobadilishwa na binadamu kabla ya 1863, na jabali lenye mifuo ya umri huo limo. Kabla ya kibali cha kupasua mawe kutolewa, majabali yakaguliwe asubuhi au jioni, mwanga unapopiga kwa ubavu na mifuo kuonekana. Yenye alama yapigwe picha, yachorwe kwenye ramani, na yaachwe pamoja na udongo unaoyazunguka. Mifuo isijazwe chokaa wala mafuta ili ipendeze kwenye picha.